Njia ya Miguu Kando ya Bahari: Tuanze na Maji

Mhadhara uliotolewa Nairobi kwa wahandisi, wapangaji wa miji na wanafunzi wa mazingira

Mabibi na mabwana, hamjambo.

Mradi ninaozungumzia leo huonekana mdogo ukiwa bado kwenye karatasi: njia ya waenda kwa miguu kando ya barabara inayopakana na bahari. Kabro (vitofali vya zege vya kutandika njia), viti, taa, ukuta mfupi wa kuzuia watu wasianguke. Kaunti ikiutangaza, mara nyingi hukabidhiwa mhandisi wa barabara, na tathmini ya athari kwa mazingira huandikwa kana kwamba ni njia ya Ngong Road. Hapo ndipo kosa la kwanza linapofanyika. Huu ni mradi wa maji. Yanatoka baharini, yanatoka barabarani mvua ikinyesha, na njia imekaa katikati. Ripoti isiyoyashika maji mapema itayumba sura baada ya sura, hata kama kurasa zake ni mia tatu.

Tuanze na siku ya kwenda kuona eneo. Mshauri anaondoka hapa kwa ndege ya asubuhi, anafika Mombasa, saa nne yuko ufukweni. Kama ni siku za bamvu, yaani karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, saa nne asubuhi ndiyo maji yanakupwa. Ataona mchanga mpana na mwamba mkavu, atapiga picha, na ataandika kwamba eneo la mradi liko mbali na maji. Angesubiri mpaka saa kumi au kumi na moja alasiri angeyaona maji yaleyale yakipiga ukuta. Katika maji ya bamvu, tofauti kati ya kupwa na kujaa pale Mombasa huweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, yaani karibu na nusu mwezi, tofauti hiyo hupungua sana. Kwa hiyo ratiba ya ziara ipangwe kwa jedwali la maji la Bandari ya Kilindini, tiketi ifuate jedwali. Eneo lionekane likiwa limejaa na likiwa limekupwa, siku moja ya bamvu na moja ya maji mafu. Kisha lionekane tena wakati wa kusi, upepo wa msimu utokao kusini, kwa sababu mawimbi ya kusi na ya kaskazi, upepo utokao kaskazini, hayaupigi ufukwe kwa pembe moja, na mchanga huhama kuyafuata.

Jedwali hilo lina mtego ambao umewanasa hata watu wenye uzoefu. Vimo vyake vinahesabiwa kutoka sifuri ya ramani za bahari, ambayo iko karibu na usawa wa maji yaliyokupwa kabisa. Mpima ardhi anahesabu kutoka usawa wa wastani wa bahari. Kilindini, sifuri hizi mbili zinaachana kwa karibu mita 2. Chukueni mfano. Maji ya juu kabisa tuseme ni mita 4.0 kwenye jedwali. Tuongeze mita 0.5 kwa ajili ya kupanda kwa bahari katika maisha ya mradi, na mita 1.0 kwa wimbi linaloparamia ukuta. Tunapata mita 5.5 kwa sifuri ya jedwali, ambayo ni mita 3.5 kwa sifuri ya mpima ardhi. Sasa mtu achukue ile 3.5 na kuichora kwa sifuri ya jedwali bila kujua: njia nzima inakaa nusu mita chini ya maji ya bamvu. Akikosea upande wa pili, anajenga ukuta wenye mita 2 za ziada zinazoficha bahari na kula bajeti. Kila kimo kwenye ripoti kiandikwe na sifuri yake. Mkipewa ripoti isiyosema, irudisheni kabla hamjasoma ukurasa mwingine.

Ile nusu mita ya kupanda kwa bahari sikuiokota njiani. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, katika ripoti ya 2021, linaonyesha kwamba wastani wa bahari duniani ulipanda kama mita 0.20 kati ya 1901 na 2018. Kufikia 2100 huenda ukapanda mita 0.28 hadi 0.55 ikiwa hewa chafu itapunguzwa sana, au mita 0.63 hadi 1.01 ikiwa haitapunguzwa. Ukuta wa bahari hujengwa ukae miaka 50 au zaidi. Anayehesabu kana kwamba bahari haitapanda anawaachia wengine deni.

Sasa ukuta wenyewe. Wimbi likikutana na ufukwe wenye mteremko huchoka kidogo kidogo. Likikutana na ukuta wima hurudi na nguvu zake, na linaporudi huchimba mchanga mguuni mwa ukuta. Ufukwe unashuka, maji mbele ya ukuta yanakuwa marefu zaidi, wimbi linalofuata linafika likiwa kubwa zaidi. Baada ya misimu kadhaa msingi uko wazi, kifusi kilicho nyuma ya ukuta kinavuja kupitia mianya, na kabro zinaanza kubonyea bila mtu kujua kwa nini. Wanakandarasi huja wakaondoa kabro, wakaongeza mchanga, wakazirudisha. Mwaka ujao zimebonyea tena. Na pale ukuta unapokwisha, mawimbi hula ardhi ya jirani ambaye hakuhusishwa na mradi. Kwa hiyo ripoti ieleze msingi unashuka kina gani chini ya kiwango cha chini kabisa ambacho mchanga huweza kufikia, kuna kitambaa cha kuchuja nyuma ya ukuta au hakuna, na ncha mbili za ukuta zinamalizikaje.

Ndiyo maana sura ya njia mbadala ndiyo ninayoisoma kwa makini kuliko zote, na ndiyo inayoandikwa kwa uvivu kuliko zote. Mara nyingi ina aya mbili: kujenga, au kutojenga. Njia mbadala za kweli zipo. Moja ni kusogeza njia upande wa nchi kavu kwa kuchukua safu ya maegesho au kupunguza upana wa barabara, bila kugusa ufukwe hata kidogo. Nyingine ni kuinua njia juu ya nguzo ili maji na mchanga vipite chini. Nyingine ni mteremko wa mawe makubwa badala ya ukuta wima, ingawa huo unakula ufukwe zaidi. Kila moja iwe na bei, eneo la ufukwe linalopotea, na gharama ya matengenezo. Kwa maoni yangu, kwenye barabara nyingi za pwani yetu kuchukua maegesho ndilo jibu bora. Halipendwi kwa sababu wenye magari wana sauti.

Maji ya upande wa pili ni mvua. Njia ya mita 1,200 kwa upana wa mita 4 ni mita za mraba 4,800. Mvua ya milimita 50 kwa saa moja ikinyesha hapo inaleta lita 240,000, yaani malori 24 ya maji ya lita 10,000, kabla hatujahesabu barabara yenyewe na mapaa ya nyumba. Mchanga na majani vilikuwa vinameza sehemu ya maji hayo. Kabro zilizowekwa juu ya zege hazimezi. Mtaro wa zamani ukiachwa na kipenyo kilekile utafurika. Tena mdomo wa bomba ukiwa chini ya maji ya bamvu, bahari itapanda ndani ya bomba na kutokea barabarani, hata siku ya jua kali. Kila mdomo unahitaji mlango wa kuzuia maji kurudi, na mlango huo hukwama kwa mchanga, chaza na chupa za plastiki. Nani ataufungua na kuusafisha, mara ngapi, kwa fungu gani la pesa? Pia mabomba hayo mara nyingi hubeba majitaka yaliyounganishwa kisiri. Pimeni maji yanayotoka kwenye kila mdomo kabla ya ujenzi, la sivyo njia mpya ya kupumzikia itawapitisha watu juu ya harufu.

Pale ufukwe ulipo jabali la matumbawe ya kale, kama upande wa Mama Ngina mjini Mombasa, ambako eneo la matembezi lilifunguliwa upya mwaka 2019, hatari iko chini ya miguu. Maji yamelikata jabali kwa chini mpaka likaning'inia, na ndani lina mapango. Juu linaonekana gumu. Mashimo ya uchunguzi yachimbwe kila mita 30 au karibu zaidi, yashuke kupita usawa wa bahari, na ukingo unaoning'inia upimwe kutoka baharini kwa mashua. Mibuyu ya hapo nayo ina mizizi inayosambaa mbali na karibu na uso wa ardhi. Kanuni inayotumiwa sana na wataalamu wa miti ni kutochimba ndani ya umbali wa mara 12 ya kipenyo cha shina, hadi kufikia mita 15. Mbuyu wa kipenyo cha mita 1 unadai mita 12 kila upande. Njia ipinde.

Zege la pwani lina sharti zake, na mwandishi wa ripoti ya mazingira asiziachie wahandisi pekee, maana uchakavu wake huishia baharini. Chumvi hupenya zege, hufika kwenye nondo, nondo hushika kutu, kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Mahali pabaya zaidi ni pale panaporushiwa maji na kukauka kila siku. Nondo ifunikwe kwa zege la milimita 50 au zaidi, uwiano wa maji kwa saruji usipite 0.45, mchanga wa ufukweni na maji ya bahari visiingie kwenye mchanganyiko. Vyuma vya kushikilia vikiwa vya pua, viwe daraja la 316.

Kuhusu kasa nitasema kidogo, ingawa ni muhimu. Fukwe za kaskazini ya Mombasa bado zina viota. Vifaranga vikitoka usiku hufuata mwanga, na taa nyeupe za njia huvipeleka barabarani. Taa ziwe fupi, zifunikwe upande wa bahari, na rangi yake iwe ya kaharabu, yenye urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 560 kwenda juu.

Watu sasa. Tembea kipande chote cha mradi na mzee wa madiko, yaani mahali wavuvi wanapotia nanga na kushusha samaki, hesabu mahali mashua na ngalawa zinapovutwa, mahali samaki wanaposhushwa, njia ambazo kina mama hushukia kutafuta pweza maji yakikupwa, na wauza madafu, mihogo na viazi karai wanapokaa. Kila diko linahitaji mwanya wenye mteremko, si ngazi, kwa sababu mashua haipandi ngazi. Watu wa viti vya magurudumu nao wanahitaji mteremko usiozidi 1 kwa 12, na upana wa mita 1.8 ili viti viwili vipishane. Mwuzaji akiondolewa wakati wa ujenzi, ripoti iseme ataenda wapi na atarudi lini, kwa tarehe.

Kelele pia. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 60 mchana na 35 usiku kwa ujenzi katika makazi. Kumbukeni kwamba bamvu hukupwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mwanakandarasi aliyechelewa atataka kuvunja mwamba usiku. Ratiba ya kujenga msingi iandikwe ikizingatia hilo tangu mwanzo.

Upande wa sheria, Katiba kifungu cha 62 kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Kanuni za upimaji ardhi nazo zinataka ukanda usiopungua mita 60 juu ya maji kujaa uhifadhiwe kwa kawaida, lakini zinahusu ardhi ya serikali iliyokuwa haijagawiwa ilipokuwa ikipimwa. Msidhani ukanda huo upo kila mahali. Tafuteni ramani ya upimaji ya kila ploti.

Tangu marekebisho ya 2019 ya sheria ya mazingira, miradi hupangwa kwa kiwango cha hatari: ya chini, ya kati na ya juu. Angalieni mradi unaokatwa vipande vya mita 300 ili kila kipande kionekane kidogo. Bahari inaupokea kama mradi mmoja, na tathmini iwe moja. Unapofika ngazi ya tathmini kamili, kanuni za 2003 za tathmini ya mazingira zinataka mabango, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, redio katika lugha rasmi na ya wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu na walioathirika. Mtu asiione kama kawaida ya kujaza fomu. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa la rufaa za mazingira, NET, lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Lamu kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya utangulizi iliyofanyika kabla ya ripoti kuwepo haikuhesabiwa kuwa mashauriano juu ya ripoti hiyo. Kwa njia ya miguu, kati ya mikutano hiyo mitatu fanyeni miwili kwenye madiko yenyewe, saa ambayo wavuvi wamerudi, na muhtasari uwe kwa Kiswahili, wenye mchoro unaoonyesha maji ya bamvu yanafika wapi.

Mwisho ni mpango wa usimamizi. Ufukwe upimwe kwa mikato, yaani mistari ya kupimia kutoka nchi kavu kuelekea baharini, kila mita 100, mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kusi na mwisho wa kaskazi, kwa miaka 5 ya kwanza, na kipimo cha kwanza kichukuliwe kabla ya jiwe la kwanza. Kiandikwe pia kizingiti: ufukwe ukishuka kwa nusu mita mguuni mwa ukuta, nani anaitwa na anafanya nini. Matokeo yaingie kwenye ukaguzi wa kila mwaka ambao sheria inaudai. Anayepinga leseni iliyotolewa ana siku 60 kukata rufaa, hivyo nakala ya ripoti iombwe siku ya tangazo, ukurasa wa vimo usomwe kwanza, na pingamizi itaje ukurasa, kipimo na badiliko linalotakiwa.

Nakaribisha maswali. Wenye michoro ya miradi yao waje nayo mbele, tuangalie sifuri zake.