Ankara Isiyo na Majina

CHIKU: Mbukwenyi wasikilizaji! Leo tunarekodia kwa kaka Baraka hapa Chang'ombe, Dodoma, karakanani, kwa hiyo mkisikia msumeno wa aluminiamu msishtuke.

BARAKA: Niliwaambia wazime nusu saa. Wakanijibu mteja wa Iyumbu anataka madirisha yake kesho. Sasa sijui bosi ni nani.

CHIKU: Wako wangapi?

BARAKA: Kumi na mmoja. Mafundi na vibarua kumi, wanaume watupu, na dada mmoja wa mapokezi anayeandika oda na vipimo.

CHIKU: Huyo dada mumkumbuke, tutarudi kwake. Mada yetu ni hii: una biashara ndogo, unataka wafanyakazi wako wapate ushauri nasaha kwa gharama ya ofisi. Unachaguaje wa kumpa kazi hiyo? Baraka alishachagua vibaya, ndiyo maana tumemfuata.

BARAKA: Asante kwa kunitangaza. Nilikuwa na fundi, mkono wake dhahabu. Ghafla akaanza kuharibu. Dirisha la futi nne kwa tano anakata tano kwa tano. Wiki moja vioo viwili vimekwenda. Nikamfokea, nikamkata mshahara.

CHIKU: La kumkata mshahara lina masharti yake kwenye Sheria ya Ajira ya 2004, siku nyingine tutakubana nalo.

BARAKA: Nibane. Kumbe mwenzangu ana mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya. Wanamfuata mpaka nyumbani, mke kashafunga mizigo karudi kwao Kondoa. Mimi nimekuja kujua baada ya miezi mitatu, tena kwa kuambiwa na muuza chai. Hapo ndipo nikatafuta kampuni ya ushauri nasaha. Nikapata moja, nikasaini mwaka mzima.

CHIKU: Uliwauliza nini kabla ya kusaini?

BARAKA: Bei.

CHIKU: Halafu?

BARAKA: Halafu nikasaini, dada. Wakawa wanakuja mara moja kwa mwezi, nikawapa stoo ya vioo wakae humo.

CHIKU: Stoo ya vioo! Yaani mtu anakwenda kueleza ya chumbani kwake, wenzake wanamwona kuanzia unyayo.

BARAKA: Sikufikiria. Walikwenda wawili tu. Baada ya miezi mitatu ikaja ripoti, imechapwa kwa rangi, nzuri kabisa. Majina hakuna. Imeandikwa: "Waliohudumiwa ni wawili. Mmoja ni mwanamke, umri kati ya miaka 25 na 34, suala la ndoa."

CHIKU: Na wanawake hapa ni wangapi?

BARAKA: Si nimeshasema. Mmoja. Na aliyeleta ile bahasha aliiacha mapokezi, na mapokezi ni kwake. Haikuwa na gundi.

CHIKU: Alisoma?

BARAKA: Hakusema kitu. Aliniletea mezani, akaiweka, akarudi kwenye oda zake. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeingia mle stoo. Mimi nikaendelea kulipa miezi tisa iliyobaki.

CHIKU: Mimi siku hizi nawaambia wateja ninaowaandalia hesabu, kabla ya kuuliza bei omba uone sampuli ya ripoti na sampuli ya ankara. Kampuni iliyozoea mashirika ya watu mia nane itakuletea majedwali ya jinsia, umri, idara. Kwenye mia nane hayamtaji mtu. Kwenye kumi na mmoja ni sawa na kubandika picha yake ukutani. Mwambie kabisa: nataka idadi ya vikao, basi. Na iandikwe kwenye mkataba, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Wewe mwajiri kuwa nazo bila sababu ni mzigo, si faida.

BARAKA: Lakini bosi nalipa, nisijue kinachoendelea?

CHIKU: Ndiyo. Ila pawe na mpaka. Mtu akionekana atajidhuru au atamdhuru mwingine, mshauri hatakaa kimya, na mfanyakazi aambiwe hilo mwanzoni kabisa, kabla hajafungua mdomo. Kampuni isiyokuwa na jibu la swali hilo, mpe chai aende.

BARAKA: Tuje kwenye bei, maana ndiko ninakoumia.

CHIKU: Kuna wanaotoza kwa kichwa kila mwezi, aende mtu asiende, na kuna wanaotoza kwa kikao. Piga hesabu yako. Watu 11 kwa miezi 12 ni malipo 132. Tuseme mwaka huo wamekwenda watatu, kila mmoja vikao vinne: vikao 12. Kwa hiyo bei ya kichwa ikizidi sehemu ya kumi na moja ya bei ya kikao, unapigwa.

BARAKA: Na mimi nilipigwa. Hesabu hii ningeipata mapema...

CHIKU: Wa kichwa ana nafuu pale ambapo anaongeza kitu: simu ya saa zote, au familia ya mfanyakazi nayo inahudumiwa. Kwa yule fundi wako, bila mke kukaa kwenye kikao mngefika wapi?

BARAKA: Halafu kuna hili la Mirembe. Siku nilipotangaza tu, kijana mmoja akasema, "Bosi kashatuandikia gari la Mirembe." Walicheka mpaka msumeno ukazimwa.

CHIKU: Hospitali ile ya wagonjwa wa akili ipo tangu 1927, utani umekua nayo. Mikoa mingine mtu akitaka kukutukana anakutaja Mirembe, sisi tunapita getini kwenda sokoni. Mwambie fundi wako wazi kwamba mshauri nasaha si daktari wa akili. Ni wa kuzungumza naye, vikao kadhaa, mpangilie njia. Akiona jambo limemzidi, anatoa rufaa, na hapo kukaa Dodoma ni bahati, wataalamu wako jirani. Muulize mapema rufaa anaipeleka wapi na nani analipa kuanzia hapo.

BARAKA: Tena asiite "afya ya akili" mlangoni. Mimi safari hii nimesema "msaada wa madeni na mambo ya nyumbani".

CHIKU: Safi. Na huyu mshauri wako mpya anapatikana saa ngapi?

BARAKA: Kuanzia saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi. Kwa simu ya kawaida, si programu ya kupakua, maana nusu yao wana vitochi. Anayetaka ana kwa ana anakwenda Area C, jengo lenye saluni na duka la dawa. Ukionekana unaingia pale, umekwenda kunyoa.

CHIKU: Na uliingia mwenyewe au na wenzako?

BARAKA: Na jirani zangu, maseremala wawili na yule wa mageti. Jumla tumefika watu 38, mkataba mmoja. Ripoti ikija ni ya wote 38, hutajua ni wa kwangu au wa kwao.

CHIKU: Sasa nikuulize jambo hutalipenda. Mwaka jana mishahara ilitoka tarehe ngapi?

BARAKA: Tumefika huko?

CHIKU: Mimi ndiye ninayekuandalia hesabu, najua. Miezi minne ilichelewa. Mtu anakopa kausha damu kwa sababu kodi ya chumba haimsubiri mteja wa Iyumbu alipe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 kuhusu afya ya akili kazini unataka kazi yenyewe irekebishwe na wasimamizi wafundishwe, haukuishia kwenye kumtafutia mfanyakazi mshauri. Mshauri hawezi kulipa mshahara.

BARAKA: Haya. Siku hizi nachukua malipo ya awali asilimia sitini kabla sijakata hata kipande. Mishahara haijachelewa tangu Machi.

CHIKU: Nimeona. Na yule fundi?

BARAKA: Yupo, ndiye huyo anayetupigia kelele. Sijui kama alikwenda. Ila dada Chiku, ankara ya mwezi uliopita imeandikwa vikao vitano, na nimeanza kuwatazama nyuso wakati wa chai.

CHIKU: Ndiyo maana nilitaka ankara ije kwangu moja kwa moja, isipite kwako.

BARAKA: Basi wewe unawajua!

CHIKU: Nalipa namba tano, kaka. Kunywa chai yako.