Jionee mwenyewe duka la gemu linachopekua kwenye kompyuta ya steshenari yako

Mwangaluka watazamaji wangu wa Mwanza, na salamu kwenu mlioko Musoma, Geita, Bukoba na kule Ukerewe. Leo tunafungua Windows tuangalie kwa macho yetu programu za maduka ya gemu, yaani Steam, Epic, EA na wenzao, zinagusa mafaili gani ndani ya kompyuta. Tukishaona, tunaziwekea mipaka.

Namlenga hasa mwenye steshenari. Pale Malimbe jirani na chuo cha SAUT, Nyegezi, Buzuruga, Igoma, mnajua kazi ilivyo. Mchana kompyuta inaskani kitambulisho cha NIDA, inajaza maombi ya mkopo wa chuo, inachapa barua za kazi na mikataba ya viwanja. Jioni wateja wakipungua, mashine ile ile inawashwa gemu. Sasa siku ulipoliweka duka la gemu, lilikuletea mkataba mrefu ukabofya kukubali. Wewe umekubali, sawa. Yule mama aliyeacha nakala ya cheti cha ndoa kwenye folda yako hakuulizwa na mtu. Mwanafunzi aliyeskani kitambulisho chake hakuulizwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Hivyo ni vitu vya watu, na wewe ndiye umeshika funguo.

Mambo haya yameshatokea, siyo hofu tu. Mwaka 2011 EA walileta programu yao iitwayo Origin, na mkataba wake uliwaruhusu kukusanya taarifa za programu ulizonazo, unavyozitumia na vifaa ulivyochomeka. Gemu lao la Battlefield 3 lilipotoka Oktoba mwaka ule likidai lazima uwe na Origin, wachezaji wa Ujerumani walikuja juu, wakaonyesha picha za skrini za Origin ikipita kwenye folda zisizo zake. EA walikana kwamba ni programu ya ujasusi, lakini maneno ya mkataba waliyabadilisha.

Kisha Machi 2019 ikawa zamu ya Epic. Wachezaji waligundua kwamba programu ya Epic inanakili faili la Steam linaloitwa localconfig.vdf, lenye orodha ya marafiki zako, kabla hujaiambia lolote. Epic walieleza kuwa nakala hiyo inafungwa kwa msimbo na kubaki kwenye kompyuta yako, na kwamba hakuna kinachotumwa mpaka uchague mwenyewe kuingiza marafiki wa Steam. Mkuu wao, Tim Sweeney, alikubali kuwa faili lile lilistahili kuguswa baada ya mtumiaji kuchagua, siyo kabla. Nalitaja tukio hili kwa sababu linatupa kipimo cha haki cha kufanyia kazi leo: programu imesoma nini, imesoma lini, na je, mimi niliiomba?

Haya, tuanze.

Hatua ya kwanza ni kujua nani yuko macho. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka. Kwenye orodha tafuta steam.exe, EpicGamesLauncher.exe, EADesktop.exe. Wengi wanashangaa kuiona programu pale wakati walishaifunga kwa ile alama ya X. Nyingi kati ya programu hizi ukibonyeza X zinajificha tu kule chini kulia, karibu na saa. Nenda pale, bofya kulia kwenye alama yake, chagua Exit. Halafu ndani ya Task Manager fungua sehemu ya Startup apps, ichague programu ya gemu, bofya Disable. Kuanzia leo haitawaka pamoja na Windows asubuhi unapofungua duka. Hatua hii peke yake inakuokolea bando na RAM, na inapunguza programu za gemu zinazozunguka saa za wateja.

Hatua ya pili ndiyo yenyewe, tutulie hapa. Tunahitaji zana inayoitwa Process Monitor. Ni ya bure, ya Microsoft wenyewe, iko kwenye mkusanyiko wao wa Sysinternals. Ipakue kwenye tovuti ya Microsoft, usiichukue kwenye flashi ya mtu. Ni faili dogo la zip, bando halitaumia. Lifungue, bofya kulia kwenye Procmon64, chagua Run as administrator.

Ikifunguka utaona mistari inakimbia mpaka macho yanauma. Usiogope, hayo ni matendo ya kila programu kwenye mashine. Bonyeza Ctrl na E kuisimamisha, kisha Ctrl na X kufuta ilichokusanya. Sasa Ctrl na L kuleta kichujio. Kisanduku cha kwanza chagua Process Name, cha pili is, cha tatu andika steam.exe, cha mwisho kiache kwenye Include, bofya Add. Rudia kwa steamwebhelper.exe na steamservice.exe, kwa sababu Steam haifanyi kazi kwa jina moja. Kama una Epic au EA, ongeza majina uliyoyaona kule kwenye Task Manager. Bofya OK. Jambo moja kwa wenye mashine za RAM ndogo: fungua menyu ya Filter, weka tiki kwenye Drop Filtered Events. Bila hiyo, zana inahifadhi matendo ya programu zote hata usizozitazama, na kompyuta itaganda.

Bonyeza Ctrl na E ianze tena. Fungua duka la gemu, ingia kwenye akaunti yako, liache dakika chache bila kugusa kitu. Hapa ni muhimu usiguse. Ukibofya kubadilisha picha ya wasifu, lile dirisha la kuchagua picha litapita kwenye folda zako kwa jina la programu ile, halafu uilaumu bure.

Dakika zikitosha, simamisha. Sasa tunasoma safu mbili: Operation na Path. Path ni anwani ya faili. Operation ndiyo inawachanganya watu, nisikilizeni vizuri. CreateFile haimaanishi kwamba faili limeundwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba faili au folda imefunguliwa tu. QueryDirectory ni programu kuomba orodha ya vilivyomo kwenye folda. ReadFile ni kusoma kilichomo ndani ya faili.

Mtu atasema QueryDirectory haina neno, kwani haijafungua faili lolote. Ni kama mtu kupitia bahasha zako mezani akisoma majina juu yake bila kuzichana. Lakini fikiria majina tunayoyapa mafaili dukani: NIDA ya fulani, barua ya kuacha kazi ya fulani, talaka, majibu ya vipimo. Jina la faili limeshasema kila kitu. Kwa hiyo mimi nikiona orodha ya folda ya wateja imeombwa, nahesabu kwamba mpaka umevukwa.

Ili usisome mistari maelfu, rudi Ctrl na L, ongeza kichujio kingine: Path, contains, Documents, Include. Kama mafaili ya wateja yako kwenye diski D, ongeza Path, begins with, kisha D:\ na Include. Sasa kinachobaki kwenye skrini ni pale tu programu ya gemu ilipogusa maeneo hayo. Skrini ikibaki tupu, kwa muda ule uliopima hakuna kilichoguswa huko, pumua. Ikiwa na mistari, isome kwa haki. Gemu nyingi huhifadhi hatua ulizofika ndani ya Documents, mara nyingi kwenye folda ya My Games, hivyo hilo ni la kawaida. Kama gemu zenyewe umeziweka kwenye D, steam.exe lazima ipite huko. Lakini mstari wenye folda yako ya skani au vitambulisho hauna sababu ya kuwepo. Ukiuona, bonyeza Ctrl na S uhifadhi kumbukumbu yote kama ushahidi, kisha waandikie wenye programu ukiwauliza kwa nini.

Niseme ukweli pia kuhusu mwisho wa uwezo wa zana hii. Inakuonyesha kilichosomwa, haikuonyeshi kilichotumwa. Mawasiliano yanasafiri yakiwa yamefungwa kwa msimbo, huwezi kuyasoma njiani. Unachoweza kuona ni wingi wake: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika resmon, fungua Network, tazama safu ya Send. Programu imetulia, huchezi, hupakui, na bado inatuma mfululizo? Inaweza kuwa inapeleka hatua za gemu kwenye hifadhi yao ya mtandaoni, na hiyo unaweza kuizima kwenye mipangilio. Ukiizima na kutuma kukaendelea, andika saa na kiasi, ambatanisha kwenye barua yako.

Hatua ya tatu, kuweka mpaka. Fungua Settings, Accounts, Other users, tengeneza akaunti mpya ya Windows kwa ajili ya gemu, iwe ya Standard, isiwe Administrator. Akaunti yako ya kazi iwekee neno la siri ambalo kijana wa gemu halijui. Programu inayoendeshwa kwenye akaunti ya gemu haitaweza kufungua Documents wala Desktop ya akaunti ya kazi.

Angalieni mtego uliopo hapa. Kinga hiyo ni ya folda zilizo ndani ya C, chini ya Users. Diski D kwa kawaida iko wazi kwa kila akaunti kwenye mashine, na steshenari nyingi ninazozijua zinaweka kila kitu D ili Windows ikiharibika kazi zisipotee. Nia ni nzuri, lakini mpaka unakuwa haupo. Hamisha kazi za wateja ziende Documents ya akaunti ya kazi. Au, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi, ziweke kwenye diski ya nje, jioni ichomoe uifungie kwenye droo kabla gemu halijawashwa. Faili ambalo halipo kwenye mashine halisomwi na programu yoyote.

Nasisitiza diski ya nje kwa sababu akaunti tofauti haizuii kila kitu. Baadhi ya maduka ya gemu huweka huduma inayofanya kazi kwa mamlaka ya Windows yenyewe, na mamlaka hayo yanafika kila folda. Halafu kuna programu za kukamata wachezaji wadanganyifu zinazoingia mpaka kwenye kiini cha Windows. Vanguard ya kampuni ya Riot, iliyokuja na gemu lao la Valorant mwaka 2020, huwaka pamoja na kompyuta hata kama huna mpango wa kucheza. Watu walilalamika, Riot wakaongeza alama ya kuizima pale karibu na saa, ingawa ukitaka kucheza tena lazima uanzishe upya kompyuta. Mwaka 2024 waliiweka kwenye gemu lao jingine, League of Legends, pia. Kuangalia kama unayo, fungua Command Prompt, andika sc query vgk. Ikijibu RUNNING, ipo na inafanya kazi. Sisemi inasoma vitambulisho vya watu. Nasema programu yenye nguvu kiasi hicho haipaswi kukaa kwenye mashine yenye vitambulisho vya watu. Kwa mashine ya steshenari ushauri wangu ni kuiondoa kabisa.

Na ninyi mnaopata gemu za kukopi mtaani kwa flashi, msidhani mmepona. Zile hazina hata kampuni ya kuandikia barua. Kichujio ni kile kile, badilisha jina la programu tu, na zipimeni kwa ukali zaidi.

Kuhusu sheria, kwa ufupi. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi ajisajili kwenye Tume na azilinde taarifa hizo. Mwenye steshenari anayehifadhi skani za NIDA asidhani inawahusu benki na kampuni za simu pekee.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya lolote, pitia folda zako ufute skani za wateja walioshachukua kazi zao, na umwage Recycle Bin. Kisha weka kumbukumbu kwenye simu: kila duka la gemu linapojisasisha, rudi Task Manager uangalie kama limejirudisha kwenye Startup apps, na ulipime upya kwa Process Monitor. Kichujio chako kimeshakaa tayari, safari hii hutakiandika upya.