Acheni Chupa ya Asidi, Pimeni KH Kwanza

Haya, mabwana na mabibi, nitayarudia yale yale, na anayechoka avumilie. Mnatia asidi kwenye tangi la samaki wa mapambo, pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi majini (ikishuka, asidi imezidi), inashuka kutoka 8 hadi 6.8, mnafurahi. Kesho yake iko 7.8. Mnatia tena! Hatua moja ya pH ni mara 10, hatua mbili ni mara 100. Kadinali tetra, samaki mdogo wa Rio Negro, mto wa Amerika Kusini wenye maji laini ya asidi, anapandishwa na kushushwa hivyo, halafu mnauliza mbona amekunja mapezi.

Hapa Lamu visima vingi viko kwenye mchanga na mawe ya matumbawe, na maji yake yamejaa bikaboneti. Kipimo cha hiyo bikaboneti ndicho KH. Asidi yako inaliwa na bikaboneti, inatoka gesi ya kabonidayoksaidi, na gesi ikishapotelea hewani pH inapanda tena. Basi chukua maji mililita 5, tia dawa ya KH tone kwa tone, tikisa kila mara, hesabu mpaka buluu igeuke manjano. Kwa vipimo vingi tone moja ni digrii 1 ya KH. Ukihesabu 12, asidi ni pesa ya bure. Changanya ndoo 1 ya kisima na ndoo 3 za mvua: KH 12 inakuwa 3. Hapo ndipo majani makavu ya mkungu yatakapofaa kushusha pH, jani moja kwa lita 50 hivi. Kwenye KH 12 yatakupa rangi ya chai tu.

Najua kuna atakayesema, "Mimi natumia mvua ya jabia, birika letu la kuhifadhi maji, na pH bado iko juu." Jabia lina kuta za nini? Chokaa, au saruji, na vyote hupandisha pH! Kinga kutoka paani, mwaga maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, hifadhi kwenye pipa la plastiki. Na hayo makombe na kipande cha tumbawe mlichopambia tangi? Kikaushe, kidondoshee siki. Kikitoa povu, kina chokaa, kitoe. Mchanga mweupe wa ufuoni vivyo hivyo.

Mwingine atasema samaki wake wamezoea. Waliozalishwa kwenye mashamba huvumilia, naam. Lakini mayai ya kadinali hayaanguliwi kwenye maji magumu.

Ila msikimbilie KH sufuri. Bakteria wa kichujio hutoa asidi na hula KH kila siku. Ikiisha, pH inaanguka chini ya 6, bakteria wanazubaa, amonia itokayo kwenye uchafu wa samaki inarundikana ikiwa katika umbo lisilo na madhara makubwa. Wewe unaona pH 5.5, unashtuka, unamimina kisima cha pH 8. Amonia ile ile inageuka sumu, na alfajiri samaki wote wanaelea. Badilisha asilimia 10 hadi 15 kwa wiki, kwa maji yaliyokwisha kuchanganywa, na KH isishuke chini ya 2.

Mashine za kuchuja chumvi na mboji nimeziruka, muda umekwisha. Waliokuja na vichupa vya maji ya kisima, sogeeni mbele tupime.