Posho Moja Tu

Wababa na wamama, walimu wenzangu, wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, na wale waliokwisha kunisikia katika mitaa ya Ruashi na Kampemba, hapa Lubumbashi, Kongo, wanivumilie, kwa maana nitaendelea kuisema habari hii ya wasichana wanaofukuzwa shule wasirudi, mpaka itakapoacha kutokea.

Huko Katuba, msichana na kaka yake walirudishwa nyumbani siku moja, saa moja, kwa sababu moja: minervali, yaani ada ya shule, haijalipwa. Mvulana alitupa daftari akaenda kucheza mpira. Kufika siku ya tatu alikuwa amevunja kioo cha jirani na kumchosha kila mtu, hata baba yake akakopa fedha ili arudi darasani. Msichana aliosha vyombo, akateka maji kisimani, akamlea mdogo wake, na mama yake, ambaye sasa aliweza kukaa soko la mtaa wetu wa Kenya mpaka jioni, akamaliza gunia la makaa mapema kuliko siku zote. Mama akasema: posho moja tu, yaani juma moja, mwanangu, halafu tutalipa. Ikafika posho ya pili, ikafika ya tatu, na hakuna mtu aliyeketi akaamua kwamba binti huyu asisome. Nyumba ilimzoea tu. Mvulana aliokolewa na uvivu wake, msichana akaponzwa na bidii yake. Nanyi mnaocheka hapo nyuma, semeni kwanza ni nani aliyewasha moto nyumbani kwenu asubuhi ya leo.

Najua yuko atakayesimama kuniambia kwamba hiyo ni desturi ya wazee. Desturi ipi? Walamba na Wabemba huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo wazee wasisingiziwe. Mwingine ataniambia kwamba shule ni bure tangu 2019. Ni kweli, shule ya msingi ya serikali ni bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilivyoagiza. Lakini msichana wangu alikuwa amekwisha kufaulu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na mlango unaofuata bado unafunguliwa kwa fedha.

Na fedha yenyewe inadaiwa vipi? Inadaiwa kana kwamba baba angali anapokea mshahara wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, kila mwisho wa mwezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha kampuni katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, hiari ambayo wengi wenu mnaijua ilivyokuwa, na tangu hapo nyumba nyingi zinakula kutoka meza ya mama sokoni, siku kwa siku, huku shule ikidai fungu zima kwa tarehe moja. Kwa hiyo siombi makubwa. Naomba mkuu wa shule apokee kidogo kidogo, kila posho, na kuandika daftarini. Naomba wamama wa likelemba, wanaochanga fedha na kupokeana kwa zamu, wampe zamu ya Septemba yule mwenye binti anayeingia mwaka wa saba. Na wafadhili wanaogawa mabegi mbele ya kamera, naomba walipe shuleni kabla mtoto hajafukuzwa. Begi jipya nalo hutumika vizuri sana kubebea vitunguu sokoni.

Mtasema walimu nao wanaisubiri prime, ile nyongeza ya mshahara inayotoka kwenye fedha za wazazi. Nimeila hiyo prime miaka mingi, siwezi kuitukana. Lakini mtoto aliyekwisha kuondoka hailipi, na anayelipa kidogo kidogo anailipa.

Nilikusudia kusema juu ya vyoo visivyo na milango, na juu ya sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto, inayokataza ndoa kabla ya miaka 18, na juu ya wale wanaopata mimba kisha wakaona haya kurudi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya pili. Basi nawageukia wakuu wa shule mlioketi mstari wa mbele: orodha za waliorudishwa nyumbani mwezi huu mnazo. Kabla hatujatawanyika, hesabuni ni wavulana wangapi wamekwisha kurudi, na wasichana wangapi, mniambie pale mlangoni.