Mashine Haijafa: Kuhamia Linux Hapa Bukavu

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi wadogo zangu wa chuo, jambo yenu nyote.

Juzi dada mmoja wa Kadutu aliniletea laptopu yake, machozi yakimlengalenga. Ina RAM ya giga 4. Ukiiwasha, unachota maji na kurudi, bado inazunguka. Folda ya TFC yake, ile kazi ya kumalizia masomo ya chuo, ilikuwa imegeuka vialama vya njia ya mkato visivyofunguka. Kirusi kiliingia na flash aliyoichomeka kule sekretaria, duka la kuchapishia, alipokwenda kuchapisha. Alishaambiwa mashine imekufa, atafute nyingine.

Haikuwa imekufa. Niliweka Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, kwenye flash ya giga 8, nikaiwashia mashine humo humo, diski yake hatukuigusa. Mafaili yote yakaonekana! Kirusi kilikuwa kimeyaficha tu. Tukayanakili, sura moja baada ya nyingine, naye akihesabu kwa vidole: ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nanyi nawaomba muanzie hapo. Usiifute Windows siku ya kwanza. Washa kwa flash, jaribu wifi, sauti, kamera, printa. Kitu kikigoma, zima, chomoa flash, mashine inarudi ilivyokuwa.

Linux aliianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, na leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa. Kwetu tunaonunua mega kwa kuhesabu, hilo ni jambo kubwa: mmoja anapakua faili la Linux Mint la giga karibu 3, wengine tunachukua kwake, na hakuna aliyeiba. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani Windows 11 haizikubali, kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 au prosesa inayotakiwa.

Ila klavie, yaani kibodi, jamani! Zetu ni AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa. Mara yangu ya kwanza kusakinisha niliacha klavie ya Kimarekani. Nikabonyeza A kwenye neno la siri, kompyuta ikapokea Q. Kesho yake nikaweka klavie ya Kifaransa, neno la siri likakataa, na usiku wangu wote ukaishia hapo. Chagueni Kifaransa kabla ya kuandika lolote.

Faili za Word zitafunguka kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia ya Linux Mint. Herufi za Liberation Serif zina upana sawa na Times New Roman, kwa hiyo kurasa hazihami ovyo, ingawa jedwali huweza kusogea. Kule sekretaria pelekeni PDF, ambayo mpangilio wake hausogei.

Na mama mwenye duka, ambaye hesabu zake zote zimo katika programu ya Windows tu, huyo namwambia wazi: baki nayo, au weka mifumo yote miwili kwenye mashine moja.

Flash ziko hapa mezani, na umeme bado upo. Aliyekuja na laptopu yake asogee.