Rejea Katika Mijadala ya Dini Mtandaoni

SALMA: Karibuni, wasikilizaji. Mada yetu ni rejea katika mijadala ya dini mtandaoni, nami nitaanza na mfano unaojulikana sana. Mtu akikuandikia kwamba Qurani 4:43 inasema «Msikaribie sala», kisha akaishia hapo, nambari aliyotoa ni sahihi na maneno yamo, lakini amekupotosha, kwa kuwa aya inaendelea: «hali mmelewa».

YOHANA: Na kwetu Wakristo, Bi Salma, iko Zaburi 14:1, ambayo ukiyaondoa maneno matatu ya mwanzo, «Mpumbavu amesema moyoni», unabaki na «Hakuna Mungu». Ndiyo maana siridhiki na mtu kutaja sura na mstari tu. Anayejenga hoja anakili sentensi nzima, na ikibidi, zile zinazoitangulia na kuifuata.

SALMA: Katika hadithi, yaani masimulizi ya maneno na matendo ya Mtume, kazi ni kubwa zaidi. Ukiandika «Ameipokea Bukhari», mkusanyaji mashuhuri wa hadithi, umemwachia msomaji maelfu ya hadithi azipekue mwenyewe. Na ukitoa nambari peke yake bado hujamaliza, kwani matoleo hayahesabu kwa namna moja, na nambari iliyo katika chapa yako huenda ikanipeleka kwenye hadithi nyingine kabisa katika chapa yangu. Taja kitabu kilichomo ndani ya mkusanyiko, mlango wake, nambari na toleo. Ikiwa hadithi haimo katika mkusanyiko wa Bukhari wala wa Muslim, eleza pia daraja yake, yaani kiwango cha usahihi wake, na mwanachuoni aliyeipa daraja hiyo. «Tafuteni elimu hata Uchina» husambazwa kila uchao kama kauli ya Mtume, ilhali Ibn al-Jawzi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1201, aliiweka miongoni mwa hadithi za kubuni.

YOHANA: Nasi tunazo za namna hiyo, «Mungu humsaidia anayejisaidia» haimo katika Biblia, hata anayeinukuu awe na hakika kiasi gani. Na kuhusu nambari, zaburi ya mchungaji ni ya 23 katika Biblia nyingi, lakini ni ya 22 katika zile zinazofuata hesabu ya tafsiri ya kale ya Kigiriki, ambayo iliunganisha Zaburi ya 9 na ya 10. Watu wawili wanaweza kuitana waongo huku kila mmoja amefungua ukurasa ulio sahihi!

SALMA: Vipi kuhusu kunukuu kitabu cha dini ya mwenzio?

YOHANA: Tumia toleo ambalo yeye mwenyewe analikubali. Kama nukuu umeiokota katika kijitabu kilichoandikwa kuipinga dini yake, sema hivyo waziwazi, usijifanye umekisoma chanzo chenyewe.

SALMA: Wapo pia wanaotuma video ya saa mbili na kusema jibu limo humo.

YOHANA: Huyo simjibu mpaka ataje dakika. Akisema ni ya 42, nitasikiliza kuanzia ya 37 hadi ya 47, kisha tutaendelea na mjadala.