Piga mswaki usiku, tema, usisukutue

Habari za jioni. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, ikiyumba mnisamehe. Leo sijavaa koti jeupe, niko nyumbani, na huyu pembeni yangu ni mpwa wangu. Ana miaka 6 na amekubali kurekodiwa kwa sharti moja: kioo atashika yeye.

Mimi ni tabibu wa meno. Kutwa nzima nang'oa meno ambayo yangezibwa kama mwenyewe angewahi, na mengi yaliharibika usiku, mtu kalala zake. Ukilala mate yanapungua, na mate ndiyo yanayosafisha ile asidi inayotengenezwa na vijidudu vikishapata sukari. Kwa hiyo chai ya saa tatu usiku ukilala nayo mdomoni, imekaa mpaka alfajiri. Ndiyo maana narekodi sasa hivi, tumeshakula, hakuna kingine kitakachoingia mdomoni leo.

Tuanze na mswaki. Sogea uone. Huu ni wangu, na huu nimeuchukua bafuni kwa shemeji bila ruhusa. Tazama nyuzi zilivyopanuka huku na huku kama ufagio wa uani. Mswaki wa namna hii unapita juu ya uchafu, haukusanyi kitu. Miezi 3 hivi, badilisha. Ukipanuka kabla ya hapo, unakandamiza mno. Dukani chagua ulioandikwa laini, wenye kichwa kidogo kinachofika nyuma. Ule mgumu watu wanaupenda kwa sababu unakwaruza, wanahisi kazi imefanyika. Unakwaruza ufizi, na ufizi ukishashuka haurudi.

Na wa mti? Unafaa, ukijua kuutumia. Hata hili neno mswaki tulikuwa nalo la kijiti kabla plastiki haijafika. Tafuna ncha mpaka ichambuke, kata iliyochoka kila siku, na usiishie meno ya mbele yanayoonekana ukicheka. Ila kijiti hakina floraidi, yale madini yanayoimarisha jino lisitoboke, kwa hiyo mimi nachanganya: mchana kijiti, usiku dawa.

Dawa ya mswaki sasa. Geuza boksi, usome yale maandishi madogo. Unatafuta floraidi, na namba iliyo kati ya 1000 na 1500 pembeni ya herufi ppm. Rangi, mnanaa, mkaa, hayo ni mapambo. Kiasi: mtu mzima, kama njegere. Huyu wangu wa miaka 6, njegere ndogo. Aliye chini ya miaka 3, kama punje ya mchele, na umpigie wewe. Lile wimbi la dawa linalofunika mswaki mzima kwenye matangazo ni la kuuza dawa tu.

Niseme na ndugu zangu wa Arusha na Meru hapohapo, maana najua swali linakuja. Yale meno ya kahawia tunayocheka nayo kwa kuziba mdomo na kiganja yanatokana na floraidi kuzidi kwenye maji ya huku, maji yanayopita kwenye miamba ya volkano. Jino linadhurika likiwa bado linaumbwa ndani ya taya, utotoni, kabla hata halijaota. Kwa hiyo hakuna mswaki utakaolitoa, wala majivu, wala mchanga. Nimeona mtu amesugua kwa mchanga mpaka jino limekuwa jembamba na bado ni la kahawia. Kama una mtoto mdogo, shughulika na maji anayokunywa. Pale Ngurdoto, huku Meru, wanachuja floraidi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na maji ya mvua hayana shida hiyo. Punguza na magadi kwenye maharage, nayo yana floraidi. Dawa ya mswaki aendelee nayo, kidogo, na ateme.

Haya, tunapiga. Mpwa, inua kioo.

Usiuweke mswaki bapa katikati ya jino. Uinamishe, nusu ya nyuzi ziguse jino na nusu ziguse ufizi, pale pale kwenye mpaka wao. Ukoga unakaa kwenye huo mpaka. Shika mswaki kwa ncha za vidole kama unavyoshika kalamu, usiushike kama mwiko wa ugali. Sasa tetema palepale, mitikisiko midogo, meno mawili au matatu kwa wakati mmoja, kisha sogea. Angalia mkono wangu, kiwiko hakiendi popote.

Anza nyuma kulia juu, upande wa shavu, uje mbele, umalizie nyuma kushoto. Rudi kwa ndani, upande wa ulimi. Chini hivyohivyo. Meno ya mbele kwa ndani, simamisha mswaki, tumia ncha yake. Hapo nyuma ya meno ya mbele ya chini karibu kila mtu anaparuka, na ndipo ukoga unapogeuka gamba gumu la manjano lisilotoka kwa mswaki. Mwisho sehemu za kutafunia. Yote dakika 2. Sekunde 40 ambazo wengi wetu tunapiga zinahisi kama dakika 2, weka saa ya simu uone.

Sasa, mama, fungua mdomo. Aaa. Mnaliona hili la mwisho kabisa, jeupe, fupi kuliko jirani yake? Hili ni gego la ukubwani. Limeota karibuni, na hakuna jino la utoto lililong'oka kulipisha, limejiotea nyuma ya foleni kimyakimya. Wazazi wananiletea mtoto wa miaka 8 gego hili limeshatoboka, wananiambia, "Si la utoto hilo dokta, ling'oe tu litaota jingine." Halioti jingine. Ni la kwake mpaka uzeeni. Na kwa kuwa bado fupi, mswaki ukipita kwa urefu unaliruka. Kwa hiyo ingiza mswaki kutokea pembeni ya shavu, hivi, ukatize juu yake. Hii mifereji yake ni mirefu, sukari inajificha humo. Mpigie mwenyewe mpaka afike miaka 7 au 8. Mtoto asiyeweza kufunga kamba za viatu hawezi kufika huku nyuma.

Na wale wenye watoto wachanga: hakuna kitu kinachoitwa meno ya plastiki. Mtoto ana homa na anaharisha, mtu anamkwangua ufizi anatoa kitu cheupe laini. Hicho ni jino lake, chonge ambalo halijakomaa. Homa mpeleke hospitali.

Tukiwa hapahapa, kuna damu. Unapiga mswaki, unatema, mate mekundu. Kila mtu anafanya kosa lilelile, anaacha kupiga upande huo ili upone. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nikiwa chuo, nasomea meno! Ufizi unatoa damu kwa sababu ukoga umekaa pale ukauvimbisha. Ukiuacha, ukoga unaongezeka. Piga pale pale, kwa upole, kila siku, upitishe na uzi kati ya meno. Baada ya wiki 2 damu ikiwa bado inakuja, kuna gamba, nenda ukasafishwe. Kama una mimba, fizi kuvimba ni kawaida yake lakini usiache mswaki. Na kama una kisukari, mwambie anayekutibu, kwa sababu fizi mbovu na sukari isiyotulia zinachocheana.

Jino lenyewe likiuma, sikiliza linauma vipi. Likishtuka kwa maji baridi kisha linatulia, mara nyingi bado ni la kuziba, na kuziba ni nafuu. Likianza kuuma lenyewe usiku, linapwita, chai ya moto inalizidisha, shimo limefika kwenye mshipa; hapo ni kusafisha mzizi au kung'oa. Halafu kuna siku linanyamaza ghafla. Watu wanashukuru, wanafuta safari ya hospitali. Mshipa umekufa, usaha unajikusanya chini. Miezi michache baadaye anakuja shavu limevimba.

Kwa kusubiri asubuhi: sukutua maji ya uvuguvugu na chumvi, meza dawa ya maumivu kama ilivyoandikwa, karafuu uiume taratibu karibu na jino, inatia ganzi kweli. Aspirini usiibandike kwenye ufizi, inauchoma. Na zile kapsuli nne za amoksilini za kukatiwa dukani hazizibi shimo. Ila uvimbe ukishuka chini ya taya, kumeza kukawa shida au mdomo haufunguki, usisubiri kuche. Hiyo ni dharura, inaziba pumzi.

Moja la mwisho kwa wenye watoto wa mpira na baiskeli. Jino la ukubwani likiruka zima, liokote kwa kichwa, sehemu nyeupe, mzizi usiuguse. Lina mchanga? Suuza kwa maziwa au maji, sekunde chache, usisugue. Lirudishe kwenye tundu lake, aume kitambaa, na mkimbilie kwa daktari wa meno. Ukiogopa kulirudisha, litumbukize kwenye maziwa baridi. Mna kama nusu saa ya matumaini mazuri, baada ya hapo yanapungua. La utoto usilirudishe, unaweza kuumiza linalofuata chini yake.

Turudi hapa, povu limejaa. Tema. Tema tena. Sasa ndugu mtazamaji, mkono wako umeshaenda kwenye kikombe cha maji, nimeuona. Uache. Ukisukutua unaiosha floraidi yote uliyoinunua, na ilitakiwa ibaki usiku kucha. Futa midomo kwa taulo, suuza mswaki, usimamishe ukauke.

Mpwa anaomba maji. Hapana, mama. Tema tu.